Kioo kimepanda boda: jinsi ya kunasa vioja vya kila siku kwa simu

Mara ya kwanza nilipokiona kile kioo, mkono mmoja ulikuwa na kopo la maziwa na mwingine funguo za duka. Pikipiki ilikuja kutoka upande wa soko la Kibuye. Abiria wa nyuma alikuwa amekumbatia kioo kirefu cha kujitazamia, uso wa kioo ukiangalia barabarani, yeye mwenyewe haonekani ila vidole vinane vilivyoshika ukingo wa mbao. Ndani ya kioo mlikuwa na mawingu, nyaya za stima, paa la matatu, na mama wa mahindi ya kuchoma aliyegeuza shingo. Kwa sekunde mbili tatu barabara ilipita ndani ya barabara. Kisha boda ikakata kona, nami nikabaki na maziwa yangu.

Nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kisumu. Picha hazinipi hata senti, na simu yangu ni ya kawaida, ile unayolipia kidogo kidogo kila siku mpaka iwe yako. Ilinichukua miezi minne kunasa kioo. Hakikuwa kile cha kwanza, kilikuwa ndugu yake. Mengi ninayoandika hapa niliyajua kwa kukosa picha.

Hatua ya 1: Tayarisha simu ukiwa nyumbani

Kioja hakikupi nafasi ya kutafuta kamera kati ya programu arobaini. Kazi hii ifanye usiku, miguu ikiwa juu ya kochi.

Anza na lenzi. Ifute. Simu inakaa mfukoni na sarafu, inashikwa na vidole vilivyotoka kula mandazi, kisha mwenyewe analalamika kwamba kamera yake ina ukungu. Ncha ya leso safi inatosha: pumua kidogo juu ya lenzi, zungusha kitambaa mara mbili. Nimewafutia watu simu zao hapa dukani wakadhani nimewabadilishia.

Halafu jifunze njia ya mkato. Kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka, kamera inafunguka hata kama simu imefungwa. Kama yako haifanyi hivyo, tafuta kwenye mipangilio, mara nyingi ipo ila imezimwa. Kitufe cha sauti nacho hupiga picha, na hicho ndicho kitakuokoa siku ukiwa na mkono mmoja tu.

Fleshi izime kabisa, usiiache ijiamulie yenyewe. Mwanga wake haufiki zaidi ya hatua chache, unapausha nyuso, na unamtangazia kila mtu kwamba upo. Washa mistari ya gridi ili upeo wa ziwa usiwe umelala upande kama mashua inayozama. Sauti ya kamera mimi naiacha. Sababu nitaisema baadaye.

Na nafasi. Hapo nina kidonda. Asubuhi moja ng'ombe dume aliyetoroka mnadani aliingiza kichwa kwenye dirisha la kibanda cha M-Pesa, akatulia, kama mteja anayesubiri kutoa pesa. Dada wa ndani alikuwa amebana mgongo ukutani, kitabu cha kuandikia wateja kifuani. Nilikuwa na simu mkononi, mwanga mzuri, umbali mzuri. Skrini ikaniambia memori imejaa. Ilikuwa imejazwa na maua ya kutakiana asubuhi njema na video za makundi ya WhatsApp ambazo sikuwahi kuzitazama. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni nafuta.

Ukimaliza, jipime. Weka simu mfukoni, mwambie mtoto apige kelele "sasa!" wakati asioutarajia wewe, na uhesabu sekunde mpaka picha ipigwe. Mimi nilianza na tisa. Leo ni tatu, na nne nikivaa koti la mvua.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo cha kioja

Baada ya kukikosa kile kioo nilifanya ujinga ambao karibu kila anayeanza hufanya: nilisimama palepale nilipokiona, siku baada ya siku, nikingoja kirudi. Wiki mbili, hakuna. Mwishowe nikamuuliza kijana wa steji.

"Hivi vioo vinavyopita hapa kwenye boda hutoka wapi?"

Akacheka. "Madam, si kwa mafundi kule Kibuye? Ngoja mwisho wa mwezi. Utachoka kuviona."

Jibu lake lilinifundisha kuliko video zote nilizokuwa nimemalizia bando. Mafundi wa Kibuye wanatengeneza vitanda, makochi, kabati na meza. Watu wakilipwa mshahara wananunua. Kukodi pikapu ni ghali, boda ni bei nafuu, kwa hiyo kochi la watu watatu linapanda pikipiki na kioo kinakumbatiwa. Kwangu kilikuwa kioja, kwake ulikuwa usafiri wa kawaida. Tangu hapo, nikiona jambo la ajabu, najiuliza limetoka wapi, linapitia wapi, na ni wapi linapopunguza mwendo. Nikipata majibu, nimepata pa kusimama.

Nenda Dunga asubuhi, mashua zinapofika. Kina mama wanapasua samaki, na nyuma yao korongo marabu wamejipanga na vipara vyao kama wazee wa baraza wanaosubiri shauri lisomwe. Anayekwenda mara ya kwanza huwaelekezea kamera ndege. Matokeo ni picha mia za ndege waliosimama tu. Elekeza kamera huko, ndiyo, lakini jicho lako liwe kwenye mkono wa mama mwenye kisu. Mkono ukirudi nyuma kutupa matumbo ya samaki, wale wazee wote wataruka kwa pamoja, mabawa juu ya vichwa vya watu, na mama hatainua hata macho. Huo ndio wakati wako. Subira huvuta heri, wanasema. Pale Dunga huvuta na mbu pia, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Mtaa wa Obunga, wanapokaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa), moshi hupanda tangu mchana na jua la jioni likiupiga kila mtu anayepita anageuka kivuli chenye umbo. Mahali panapoanikwa omena, dagaa wa ziwani, vita kati ya kuku na mtoto aliyeachiwa fimbo haviishi. Siku shule zinapofungwa, keti karibu na steji ya matatu uangalie masanduku ya bati na magodoro yakipanda juu ya gari. Daima kuna sanduku moja linalofunguka.

Na ukiwa upande wa Kakamega siku ya mapigano ya mafahali, Khayega au Malinya, utaona kila mwenye simu amejazana uwanjani. Mimi nakushauri uamke mapema ukae njiani. Fahali husindikizwa kwa nyimbo, pembe na ngoma za isukuti, ile ngoma ambayo UNESCO iliingiza uchezaji wake mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Uwanjani utapata vumbi na migongo ya watu. Njiani utapata fahali akipita mbele ya duka la simenti, kinyozi ametoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa kuja kutazama.

Hatua ya 3: Chagua mandhari, mtu atakuja mwenyewe

Mlango wa duka langu ni mdogo na giza kidogo kwa ndani. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta wa mabati uliopakwa buluu, sasa umepauka. Nikikaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, mlango unakuwa fremu na ukuta unakuwa pazia. Wanaopita kati hawajui kwamba wameingia kwenye picha. Wiki moja tu, bila kuinuka, nilipata mzee mwenye kuku watatu wakining'inia kwenye usukani wa baiskeli, godoro lenye miguu miwili (msichana alikuwa chini yake), na watawa wawili wamepakiana kwenye tuktuk na ndizi mkungu mzima katikati.

Tafuta ukuta wako. Uwe mtulivu, rangi moja au mbili, usio na maandishi mengi, maana maandishi huvuta jicho kabla ya mtu. Uwe mahali watu hupita kwa sababu zao. Simama, panga picha ikiwa tupu, kisha gusa skrini kwenye ule ukuta na ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli au duara itokee. Umeiambia simu isibadilishe umakini wala mwanga kila mtu anapopita. Ukiona picha inang'aa mno, telezesha kidole chini kidogo ili ipungue. Picha yenye giza kidogo unaweza kuiokoa jioni, lakini anga lililoungua na kuwa jeupe halirudi.

Mtu anayetembea mwachie nafasi mbele yake. Na kabla hajafika, tembeza macho kwenye kingo nne za skrini. Nguzo ya stima ikiwa nyuma ya kichwa chake itaonekana kama imemwota utosini.

Hatua ya 4: Jua la huku halibembelezi

Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka hapa mjini. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba jua letu linapanda wima na kushuka wima, mwaka mzima, likichomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro kidogo. Zile saa ndefu za mwanga laini wanazosifia wapiga picha wa Ulaya sisi hatuna. Tuna kama nusu saa baada ya kuchomoza na nusu saa kabla ya kuzama. Ukisema unywe chai kwanza, imekwisha.

Saa sita hadi saa tisa jua liko utosini na macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Usirudi nyumbani, ingia tu kivulini. Chini ya mwavuli wa mama mboga, kwenye veranda za maduka ya barabara ya Oginga Odinga, chini ya mabati ya kinyozi, mwanga unaruka kutoka ardhini na kupanda usoni taratibu. Kama mwavuli ni mwekundu, nyuso zitakuwa nyekundu. Wengine hawapendi, mimi napenda.

Mwanga ninaoufungia duka ni mmoja. Alasiri za msimu wa mvua, mawingu hujijenga juu ya milima ya Nandi, mashariki, mpaka anga ya upande ule inakuwa rangi ya chuma. Jua wakati huo liko magharibi, upande wa ziwa, bado halijafunikwa. Geuka ulipe ziwa mgongo. Kila kitu mbele yako kinawaka, kuku, matatu, nguo kwenye kamba, na nyuma yake kuna giza. Huo mwanga unaweza kudumu dakika kumi, na ndani ya dakika hizo watu wote wanafanya mambo ambayo hawafanyi siku nyingine: wanakimbia na viti vichwani, wanabishana na turubai, wanafunika mahindi kabla ya kumfunika mtoto. Mvua ikishaanza, ingia chini ya paa lolote ugeukie mliojificha nao. Watu ishirini wasiojuana wakitazama maji upande mmoja ni picha tosha.

Usiku, taa za wavuvi wa omena ziwani ni nzuri kweli. Kwa simu utapata nukta. Zitazame tu.

Hatua ya 5: Bonyeza kabla

Simu zetu huchelewa. Kati ya kubonyeza na picha kupigwa kuna pumzi ndogo, na kwenye pumzi hiyo mguu uliokuwa hewani unakuwa umeshatua. Dawa yake ni mazoezi. Tafuta dimbwi barabarani baada ya mvua, simama mbali usije ukaogeshwa, upige kila boda inayopita majini. Picha kumi za kwanza zitakuonyesha maji yakirudi chini. Anza kubonyeza kabla gurudumu halijagusa maji. Baada ya alasiri moja kidole kitakuwa kimeelewa.

Dimbwi lina historia katika kazi hii. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga picha ya mtu akiruka dimbwi, kisigino kikiwa kidogo tu juu ya maji na taswira yake ikimsubiri chini. Aliipiga kupitia mwanya wa uzio wa mbao ambao ulitosha lenzi tu, na baadaye ikabidi ukingo wa picha ukatwe kwa sababu ya ule uzio. Nikikutana na mtu anayesema hawezi kupiga picha nzuri mpaka anunue simu kubwa, namkumbusha ule mwanya.

Picha za mfululizo zitumie, lakini kwa kiasi. Simu nyingine unashikilia kitufe, Samsung nyingi za sasa unakivuta kitufe kuelekea chini, na nyingine ukishikilia inaanza kurekodi video, kwa hiyo ijaribu yako kabla. Picha kumi za mfululizo zinafaa kwa kitu kinachopita mara moja. Ukizoea kufanya hivyo kwa kila kitu, utakuwa mtu wa kuchambua picha badala ya kutazama barabara. Kama simu yako ina sehemu iliyoandikwa Pro, weka kasi ya kupiga iwe sekunde 1/500 au haraka zaidi mchana wa jua na boda zitagandishwa vizuri. Jioni usijaribu, utapata giza.

Ile hali ya HDR nayo izime panapokuwa na mwendo. Inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mtu aliyesogea kati ya hizo picha anatoka na mikono mitatu.

Hatua ya 6: Sogea, usivute

Kuvuta kwa vidole viwili kwenye skrini ya simu ya kawaida ni kukata picha na kuikuza, basi. Hakuna kilichosogea. Tembea. Hatua tatu kutoka kwa mtu unapata uso wake, kazi ya mikono yake na kipande cha mahali alipo. Hatua kumi na tano unapata nukta yenye kofia.

Kusogea kunatisha, najua. Kitu kilichonisaidia ni kushusha simu kutoka usoni hadi kifuani. Simu ikiwa mbele ya macho yako, mtu anaona kamera. Ikiwa kifuani, anaona mtu. Vivian Maier, yaya aliyelea watoto wa watu Chicago kwa miaka mingi, alitembea mitaani na Rolleiflex, kamera inayoshikwa usawa wa tumbo huku ukiinama kutazama kwa juu. Aliacha zaidi ya negativu laki moja. Karibu hakuna aliyejua mpaka mwaka 2007, mali zake zilipouzwa mnadani kwa deni la ghala, na filamu nyingi zilikuwa hata hazijasafishwa. Huwa namfikiria ninapoona mayaya wa mtaa wetu wakisubiri watoto kwenye geti la shule, simu mkononi.

Simu ifunge kamba ya mkononi, hasa ukiwa Kondele au karibu na barabara yenye boda nyingi. Wanaonyakua hawapunguzi mwendo.

Hatua ya 7: Watu

Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye steji iliyo karibu na duka kuna dereva wa boda, tumwite Baba Akinyi. Siku moja mchana nilimkuta amelala juu ya pikipiki yake, mgongo kwenye tangi, miguu kwenye kiti cha abiria, kofia ya chuma kifuani, mdomo wazi, na kipepeo mweupe juu ya kiatu chake. Nilipiga. Nikaiweka kwenye stetasi na maneno ya utani. Saa kumi alasiri akaingia dukani.

"Madam, ile picha yangu umeipeleka wapi?"

"Ile ya mchana? Ulikuwa umelala vizuri sana, Baba Akinyi, nikaona..."

"Mwenye pikipiki ni mteja wako. Hununua chanjo ya kuku hapa. Amenipigia simu anauliza kama pikipiki yake siku hizi ni kitanda."

Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa ameanza kazi saa kumi alfajiri, akapeleka mama mjamzito hospitali, akarudi kuchukua watu wa soko. Mimi niliona kipepeo. Nilifuta picha, nikampigia mwenye pikipiki mbele yake nikaeleza. Tulimaliza, lakini kwa wiki mbili hakunisalimia kwa jina.

Basi desturi yangu sasa ni hii. Aliyelala, mlevi, mgonjwa, anayelia, anayekamatwa: simpeleki popote, hata picha ikiwa nzuri namna gani. Wengine napiga kwanza, maana ukiomba kwanza kioja kinakufa, mtu ananyoosha shati na kusimama kama wa kitambulisho. Lakini nikishapiga naenda kwake na kumwonyesha. Ndiyo maana naacha sauti ya kamera: nataka asikie, ageuke, tuzungumze. Mzee ukimwita "jaduong'", mzee kwa Kiluo, na kumpa simu aitazame mwenyewe, uso unafunguka. Akisema futa, futa akiona. Usijifanye umefuta.

Watoto ni jambo la mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ni data. Sheria hiyo haigusi mambo ya mtu binafsi na nyumba yake, lakini mimi stetasi yangu inaonwa na wateja wote wa duka, na siwezi kuiita albamu ya nyumbani. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe milioni 1.85 kwa picha ya mteja wake. Kambi za jeshi na maeneo mengine yaliyolindwa kisheria, simu ikae mfukoni. Msibani piga ukiombwa na wafiwa.

Na ajali ya lori la mafuta haina nafasi ya mpiga picha wa kujifurahisha. Kule Sachangwan, kaunti ya Nakuru, mwishoni mwa Januari 2009, watu zaidi ya mia moja walikufa moto ulipolipuka kwenye mafuta yaliyomwagika. Ukiliona lori limelala, nenda upande wa pili, haraka.

Hatua ya 8: Chuja jioni, chapisha mwisho wa mwezi

Usifute barabarani. Jua likiwa kwenye skrini huoni kitu, na picha unayoiona mbovu saa sita inaweza kuwa na mtu pembeni anayefanya jambo ambalo hukuliona. Ngoja usiku. Pitia zote mara moja bila kusimama, kisha mara ya pili uweke alama kwenye zile zilizokurudisha nyuma. Kwangu, katika sitini nabaki na mbili, na siku nyingi hakuna.

Kuhariri: nyoosha upeo, kata kingo zisizo na kazi, ongeza mwanga kidogo vivulini. Usifanye zaidi ya hapo. Vichujio vinavyogeuza Kisumu kuwa rangi ya chungwa vinanichosha macho. Andika tarehe na mahali wakati bado unakumbuka. Weka nakala nje ya simu. Akaunti ya Google inakupa gigabaiti 15 za bure, na hiyo ni nyingi ukiwa mtu wa kuchuja. Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp ili akaichapishe, itume kama dokumenti, vinginevyo inabanwa na studio watakutolea kitu kama kimefunikwa na chandarua.

Kila mwisho wa mwezi nachapisha mbili tatu na kuwapelekea waliomo. Baba Akinyi alipata yake, akiosha pikipiki mtoni na povu hadi viwikoni. Aliichagua mwenyewe kati ya sita. Mwenye pikipiki pia ameiona.

Kioo, nilikipata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja unusu jioni, kwenye shimo la barabara nje ya soko ambapo kila boda hushika breki. Nilikuwa nimeshafunga mwanga kwenye ukuta wa ng'ambo. Nilibonyeza kabla ya shimo, picha kumi na moja za mfululizo. Ya saba ina mawingu ya Nandi, ziwa jembamba kama utepe, na mimi mwenyewe katikati ya kioo, koti jeupe la duka, simu kifuani, nimefumba macho.

Nilichapisha mbili. Moja nikampelekea fundi aliyekitengeneza. Aliishika kwa muda mrefu kwenye mwanga wa mlango, nikidhani anatazama mawingu. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto ya fremu.

"Hii kona imeachia," akasema, na kugeuka ndani. "Wewe! Nani alipiga gundi hii?"